Siri ya kuchonga kingo za mshazari kwa mashine ya CNC

MAFUNDI wa mbao katika eneo la kati la Bonde la Ufa wana kazi moja ambayo wengi wao huikubali shingo upande. Nayo ni kutengeneza kitu chenye pande sita au nane. Kabati la pembe nne halimsumbui fundi aliyekomaa. Lakini mteja akitaka kigoda cha pembe sita, chungu cha maua cha pembe nane au mimbari ya kanisa ambayo pande zake zimelala kidogo, fundi hukuna kichwa, kisha hutaja bei ya juu kwa matumaini kwamba mteja atabadili nia.

Woga huo una sababu. Katika kisanduku cha pembe nne, ukingo uliokatwa wima kabisa hukutana na mwenzake na kazi ikaisha. Katika umbo la pande sita, kila ubao lazima ukingo wake ukatwe kwa mshazari ili ubao mmoja ulalie mwingine bila kuacha ufa. Na hapo ndipo makosa madogo yanapojumlishana. Chukua kigoda cha pande sita. Kina viungo sita, na kila kiungo kina kingo mbili, hivyo kingo za kukata ni 12. Msumeno wa meza ukiwa umeinama kwa nusu digrii tu isivyostahili, ambayo ni tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona, kiungo cha mwisho kitakuwa na kosa la digrii 6. Katika ubao wa unene wa milimita 18, huo ni ufa wa karibu milimita 2. Mwandishi wa makala haya amewahi kununua kigoda ambacho ufa wa namna hiyo ulikuwa umezibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Kilidumu hadi msimu wa kiangazi.

Kosa la aina hiyo halikuwa jambo kubwa wakati mbao zilipopatikana kwa urahisi. Siku hizo zimepita. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya kijamii, na wapasuaji wa mbao wa Elburgon, Molo na Njoro, ambao riziki yao hutegemea misonobari na misipresi ya mashamba ya serikali, walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Marufuku hayo yaliyotangazwa kuwa ya siku 90 yaliongezwa tena na tena, hadi Julai 2, 2023, Rais William Ruto alipotangaza akiwa Molo kwamba yameondolewa. Katika miaka hiyo mitano fundi wa Nakuru alijifunza kuuhesabia kila ubao. Ubao uliokatwa vibaya ni faida iliyoteketea.

Ndiyo maana mashine ya CNC, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya viwanda vikubwa, imeanza kuzungumziwa hata katika karakana za jua kali. Baadhi ya mafundi huiita ruta, na msomaji asiichanganye na kile kijisanduku cha intaneti. Ruta ya mbao ni mota inayozungusha kisu kwa kasi kubwa, aghalabu zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika. Fundi huishika kwa mikono. Katika mashine ya CNC, mota hiyo imefungwa kwenye daraja linalotembea juu ya meza, na kompyuta ndiyo inayoiongoza: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini.

Wazo lenyewe si jipya. Mnamo 1952 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, nchini Marekani ilionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na nambari zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Kazi hiyo ilitokana na fikra za John Parsons, mtengenezaji wa vipuri vya helikopta, aliyekuwa akitafuta njia ya kuchonga maumbo yaliyopinda kwa usahihi ambao mkono haungeweza kuufikia. Leo utepe umetoweka na nambari hukaa ndani ya faili. Kila mstari wa faili hiyo ni amri moja, kwa mfano nenda moja kwa moja hadi nukta fulani kwa kasi fulani. Kuchora umbo la pande sita ambazo kila moja ni milimita 200, mashine inahitaji kujua nukta sita pekee. Ya kwanza iko milimita 200 kulia kwa kitovu. Ya pili iko milimita 100 kulia na 173.2 juu. Nyingine hufuata kwa mpangilio uo huo.

Hata hivyo, ukitazama kwa makini utaona kasoro. Mashine nyingi za bei nafuu zina mielekeo mitatu tu. Kisu husimama wima wakati wote, hakiwezi kuinama. Mashine inayoweza kuinamisha kisu ina mielekeo mitano, na bei yake ni ya kiwanda, si ya karakana ya mabati kando ya barabara. Basi mashine ambayo haiwezi kuinama itachongaje ukingo ulioinama?

Jawabu liko kwenye kisu chenyewe. Badala ya kisu kilichonyooka, fundi hufunga kisu chenye umbo la herufi V. Kisu hicho kikisimama wima, mashavu yake mawili yameinama, na ubao huchukua mwinamo wa mashavu hayo. Kisu cha V chenye pembe ya digrii 90 huacha ukingo wenye mwinamo wa digrii 45. Kile cha digrii 60 huacha mwinamo wa digrii 30.

Sasa ipo kanuni moja ambayo fundi akiikariri hatahitaji kipimapembe tena kwa kazi za pande zilizosimama wima. Gawanya 360 kwa idadi ya pande, na utapata pembe ya kisu unachohitaji. Pande nne: 360 kwa 4 ni 90. Pande sita: 60. Pande nane: 45. Pande 12: 30. Sababu yake ni rahisi. Ukizunguka umbo lolote lenye pande sawa kwa miguu, katika kila kona unageuka kiasi fulani, na ukirudi ulikoanza utakuwa umegeuka mzunguko mzima, yaani digrii 360. Katika pande sita, kila kona inageuka digrii 60. Mfereji wa V wenye pembe hiyohiyo ukifungwa, ubao nao hugeuka digrii 60. Kisu kimekwisha kufanya hesabu kwa niaba ya fundi.

Kwa bahati njema visu vya digrii 90, 60, 45 na 30 ni vya kawaida katika maduka yanayouza vifaa hivi. Cha kuangaliwa ni kipenyo chake. Ili kupenya ubao wa milimita 18 hadi chini, kisu cha digrii 60 lazima kiwe na upana wa karibu milimita 21 upande wa juu, na kile cha digrii 90 milimita 36. Vile visu vidogo vya kuandikia majina kwenye vibao vya milango havifai kwa kazi hii, ingawa pembe yake ni ileile. Wengi hugundua hilo wakiwa wamekwisha kulipa.

Tuchukue mfano wa kigoda, tukifuate hadi mwisho. Mteja anataka kigoda chenye upana wa sentimita 40 kutoka kona hadi kona ya pili yake, na kimo cha sentimita 45. Katika umbo la pande sita, urefu wa upande mmoja ni nusu ya upana huo, yaani milimita 200. Plaiwudi inayouzwa madukani ina upana wa milimita 1,220 na urefu wa 2,440. Pande sita zikipangwa bega kwa bega huchukua milimita 1,200. Zinaenea kwenye upana wa plaiwudi na kubakisha milimita 20. Kwa kuwa mfereji mmoja wa V hukata kingo mbili kwa pamoja, hakuna mbao zinazopotea kati ya upande mmoja na mwingine. Plaiwudi moja itatoa viwiliwili vitano vya vigoda, bila kuhesabu vikalio.

Ubao hulazwa kifudifudi, uso mzuri ukiwa chini, kwa maana kisu cha V hufanya upande wa juu kuwa mfupi na wa chini kuwa mrefu. Uso wa nje wa kila upande utakuwa milimita 200, wa ndani 179.2. Kabla ya kuulaza, fundi hubandika utepe wa gundi kwenye uso wa nje ili vipande visitawanyike kisu kikipenya. Mikato ikikamilika, gundi hupakwa ndani ya mifereji, kisha ubao hukunjwa kama mkeka na kufungwa kwa kamba. Mistari ya mti huzunguka kigoda bila kukatika, jambo ambalo kwa msumeno hupatikana kwa subira nyingi tu.

Kuna jambo moja hapa ambalo huwaangusha wengi, na inafaa tulitue polepole. Plaiwudi inayoitwa ya milimita 18 mara nyingi haifiki 18. Inaweza kuwa 17.4 hapa na 17.7 pale. Fundi akiiambia mashine kwamba sifuri iko juu ya ubao na kisu kishuke milimita 18, ncha ya kisu itazama ndani ya meza, na uso wa nje wa kila upande utapungua. Kwa upungufu wa milimita 0.6 katika unene, kila upande hupoteza karibu milimita 0.7. Katika kigoda kizima hiyo ni zaidi ya milimita 4, na kikalio kilichokatwa kwa kipimo sahihi kitachungulia nje. Dawa yake ni kuweka sifuri kwenye uso wa meza, si juu ya ubao. Ncha ya kisu ikigusa meza, uso wa nje utakuwa na kipimo kilichokusudiwa, uwe ubao mnene au mwembamba.

Ncha hiyo nayo ina udhaifu wake. Kisu kinapozunguka, sehemu za pembeni hukimbia kasi, lakini ncha, kwa kuwa iko katikati, karibu haisogei. Haikati, bali husugua. Ndiyo sababu mara nyingine huonekana mstari mweusi wa kuungua pale chini ya mfereji. Fundi mwenye busara hupitisha kwanza kisu kilichonyooka, akaondoa sehemu kubwa ya mbao za katikati ya mfereji, ndipo akakifunga kisu cha V kwa mpito wa mwisho mwepesi. Kisu hudumu zaidi.

Vipi kuhusu pande tano? Kanuni yetu inadai kisu cha digrii 72, na hicho ni adimu. Hapa fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuuchonga mwinamo kwa ngazi ndogondogo: kisu kilichonyooka hushuka nusu milimita, husogea pembeni milimita 0.36, hushuka tena nusu milimita, na kuendelea hivyo. Kwa ubao wa milimita 18 hiyo ni mipito 36 kwa kila ukingo, na umbo la pande tano lina kingo kumi, basi mipito 360. Baada ya hapo kuna kazi ya kuzisawazisha ngazi hizo kwa msasa. Inawezekana, lakini siku nzima inaweza kupotea hapo.

Njia ya pili ni kuliacha daraja la mashine kama lilivyo na kuuinamisha ubao. Fundi hutengeneza kitanda cha kabari chenye mwinamo wa digrii 36, hulaza ubao juu yake, na kisu kilichosimama wima hukata ukingo ambao, ubao ukinyooshwa, utakuwa wa mshazari. Njia hii ni nzuri na ya haraka, isipokuwa ubao ulioinama hupanda juu. Upande wa kigoda cha pembe tano chenye uzio wa upana huohuo wa sentimita 40 ni milimita 235, na ukiinamishwa digrii 36 huinuka milimita 138. Mashine nyingi ndogo hazina nafasi hiyo chini ya daraja. Pima kwanza kabla ya kukata kabari.

Ugumu halisi hujitokeza pande zinapolala, kama katika mimbari inayopanuka kuelekea juu au chungu cha maua chenye mdomo mpana. Hapo kila upande una pembe mbili za kutunza. Ubao si mstatili tena, bali una kichwa kipana na miguu myembamba, na ukingo wake bado unahitaji mwinamo. Pembe ya kwanza haiisumbui mashine ya CNC hata kidogo, kwa kuwa ni mchoro tu juu ya ubao, na mashine hufuata mchoro wowote. Fundi wa msumeno wa meza ndiye anayetaabika nayo. Pembe ya pili ndiyo inayohitaji hesabu.

Hesabu yenyewe ni ile ya saini, kosaini na tanjenti ambayo wanafunzi wengi wa sekondari huuliza itawasaidia wapi maishani. Saini ya mwinamo wa ukingo ni kosaini ya mlalo wa upande mara saini ya digrii 180 zilizogawanywa kwa idadi ya pande. Nayo tanjenti ya pembe ya mchoro ni saini ya mlalo huo mara tanjenti ya digrii 180 zilizogawanywa kwa idadi ya pande. Kwa mimbari ya pande sita iliyolala digrii 15 kutoka wima, mwinamo wa ukingo ni digrii 28.9, na mistari ya pembeni ya kila ubao huchorwa ikiwa imeinama digrii 8.5.

Hakuna duka linalouza kisu cha kukupa digrii 28.9. Lakini kisu cha digrii 60 hutoa 30, na tofauti hiyo ya digrii 1.1 inaelekea upande unaofaa. Mwinamo ukizidi kidogo, nyuso za nje hukutana barabara na ufa hubaki ndani, ambako katika mfano huu ni karibu milimita 0.8 tu na gundi huujaza. Mwinamo ukipungua, mambo hugeuka: nyuso za ndani hugongana kwanza na ufa huchungulia nje, mbele ya waumini. Kwa hiyo kosa la kuzidisha lina unafuu kuliko kosa la kupunguza, mradi lisiwe kubwa.

Tukirudi kwenye ubao ulio bapa, kuna kazi nyingine inayowavutia wateja: kikalio au meza ya pembe sita ambayo ukingo wake umechongwa mshazari kuuzunguka wote. Hapa kisu cha V hufanya maajabu, kwani kona za nje hutoka kali kama zilizochorwa kwa wembe. Tatizo huja ukitaka tundu la pembe sita lenye kingo za mshazari, tuseme fremu ya kioo. Kisu ni duara, na duara haliingii ndani ya kona. Chini, kwenye ncha, kona itakuwa kali, lakini juu itakuwa ya mviringo. Tiba ni kuiamuru mashine iinue kisu taratibu kinapoingia konani, hadi ncha ifike juu kabisa ya ubao pale mistari ya juu inapokutana. Programu nyingi za kuchonga hufanya hivyo zenyewe ukizichagulia njia ya uchongaji wa V. FreeCAD, ambayo haiuzwi wala haikodishwi, inatosha kwa mchoro na kwa amri za mashine, ingawa inahitaji uvumilivu wa kujifunza.

Mashine haijui mbao. Haiwezi kutambua kwamba msonobari uliotoka Elburgon wiki iliyopita bado una maji. Mbao mbichi zikikauka husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na kiungo kilichofunga vizuri Jumatatu hufunguka mwezi ujao. Mashamba ya miti ya Mau yako juu ya mita 2,000 na kuna baridi na ukungu, na mbao za huko zinaposhushwa kwenye jua la Naivasha au Baringo hubadilika upesi. Zikaushwe kwanza chini ya paa, zikiwa zimepangwa kwa vipande vya kupitisha hewa. Hakuna kompyuta inayoweza kufidia hatua hii.

Umeme ni jambo jingine. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, na kukatika kwa umeme kwa muda mfupi ni jambo la kawaida. Umeme ukikatika mashine ikiwa katikati ya mkato, husahau ilipo. Ukirudi, fundi asiyekuwa na alama thabiti ya kuanzia ataanza milimita moja pembeni, na ubao umeharibika. Alama hiyo hutiwa kwenye meza kabla ya kazi, kwa kutoboa tundu dogo mahali pa sifuri. Ni kazi ya dakika moja.

Kisha kuna vumbi, ambalo mafundi wengi hulifanyia mzaha. Mnamo 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu ambavyo imethibitishwa husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Kisu kinachozunguka mara elfu kumi na kadhaa kwa dakika hutoa vumbi laini kuliko la msumeno, na vumbi la mbao za kugandishwa kama MDF lina gundi ndani yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Kitambaa cha kufungia pua hakitoshi. Panahitajika barakoa ya vumbi inayoshika uso vizuri, na bomba la kufyonza lililofungwa kando ya kisu.

Je, mashine hii itawanyang'anya vijana kazi katika jiji la Nakuru, lililopewa hadhi hiyo Desemba 2021 na ambalo limezungukwa na vyuo vya ufundi kutoka Njoro hadi Naivasha? Kwa maoni ya mwandishi huyu, swali hilo halijaulizwa vyema. Kigoda tulichokieleza hapo juu kinahitaji mtu wa kuchagua ubao, wa kuupima unene, wa kupaka gundi, kufunga kamba, kupiga msasa na kutia vanishi. Mashine hufanya dakika chache kati ya saa nyingi. Anayehatarika ni fundi ambaye sifa yake pekee ni kuweza kukata pembe, na hata huyo anaweza kujifunza hesabu za ukurasa mmoja.

Wala si lazima kila karakana inunue mashine. Fundi anaweza kupeleka mchoro na plaiwudi yake kwa mwenye mashine, akalipia muda wa kukatiwa, na kurudi na vipande. Akifanya hivyo, aende na kipande cha ubao kilichobaki kutoka kwenye plaiwudi ileile. Aombe kikatwe mifereji mitano kwa kisu kitakachotumika, kisha akikunje papo hapo. Kingo mbili za mwisho zikikutana bila kuonyesha mwanga katikati, kazi ianze. Mwanga ukipenya, kisu si cha pembe iliyoandikwa juu yake, au hakijasimama wima, na ni afadhali kuligundua hilo kwenye kipande cha kutupwa.